Sahani ya Ugali na Hesabu ya Nguvu

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wakiongozwa na Vincent Onywera, wakishirikiana na Yannis Pitsiladis wa Chuo Kikuu cha Glasgow, waliwafuatilia kambini wanariadha 10 wa Kenya wa mbio ndefu. Kwa siku 7 walipima kila walichokula na kunywa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: asilimia 76.5 ya nishati yao ilitoka kwenye wanga, asilimia 13.4 kwenye mafuta na asilimia 10.1 tu kwenye protini. Ugali peke yake ulichangia karibu robo ya nishati yote. Sukari ilichangia takriban asilimia 20, sehemu kubwa ikiwa ile ya chai ya maziwa. Nyama ilionekana mezani siku chache kwa wiki, tena kidogo. Kilichobaki ni wali, maharage, kabichi, viazi na mkate. Waliokula hivyo walikuwa miongoni mwa wakimbiaji hodari kabisa duniani.

Lakini mtu anayekwenda kliniki Dar es Salaam au Nairobi kwa sababu uzito umepanda, au sukari imepanda, aghalabu husikia shauri moja kabla ya mengine yote: punguza wanga. Mitandaoni shauri hilo limekolezwa mpaka ugali, wali na chapati vimekuwa watuhumiwa wa kila maradhi, na nyama na siagi zikapandishwa cheo. Chakula kilekile kinawezaje kumjenga mkimbiaji wa kambi ya Kaptagat na kumharibu karani wa Kariakoo? Ubishi huu haumaliziki kwa sababu swali huulizwa nusu. Ukiuliza chakula gani kina nguvu, hujapata kitu mpaka uongeze: nguvu ya kufanya nini, kwa muda gani, na kwa msaada wa nini.

Hesabu yenyewe ilianzia kwenye barafu. Katika majira ya baridi ya mwaka 1782 kuingia 1783, jijini Paris, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimfungia simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima maji yaliyoyeyuka kwa joto la mnyama huyo, kisha wakalinganisha joto hilo na hewa ya kaboni aliyoitoa. Walifikia hitimisho kwamba kupumua ni kuungua, ila kwa polepole sana na bila moto. Zaidi ya miaka 100 baadaye Wilbur Atwater, wa Chuo Kikuu cha Wesleyan huko Connecticut, Marekani, alimweka binadamu mahali pa simbilisi. Alijenga chumba kidogo kilichozibwa kila upande, akamwingiza mtu humo kwa siku kadhaa ale, alale na afanye mazoezi, huku joto lake, pumzi yake na hata choo chake vikipimwa.

Kutokana na kazi hiyo tulipata tarakimu ambazo hadi leo ndizo zinazotumika kuandika lebo za unga, biskuti na maziwa: gramu moja ya wanga huupa mwili takriban kilokalori 4, gramu ya protini 4, na gramu ya mafuta 9. Pombe ina 7. Mafuta yanazidi kwa sababu za kikemia. Wanga tayari umebeba oksijeni nyingi ndani yake, kwa hiyo ni kana kwamba safari yake ya kuungua imeshaanza. Mafuta yana oksijeni kidogo mno, na karibu safari yote bado iko mbele.

Tarakimu hizo ni za kweli, lakini zinaeleza joto, na joto halivuti msuli. Seli haiwezi kuutumia ugali kama ulivyo, wala nyama, wala tui la nazi. Inatumia kitu kimoja tu, molekuli inayoitwa ATP, iliyogunduliwa na Karl Lohmann nchini Ujerumani mwaka 1929. Mwili unayo kidogo mno, kiasi ambacho kingekwisha kwa sekunde chache za kukimbia, ndiyo maana hutengenezwa upya mchana na usiku bila kukoma. Ukijumlisha ATP yote inayotengenezwa na kuvunjwa ndani ya mtu mzima kwa siku moja, uzito wake unakaribia uzito wa mtu mwenyewe.

Hapo ndipo virutubisho vitatu vikubwa vinapokutana. Wanga husagwa tumboni na kuwa glukosi. Mafuta huvunjwa kuwa asidi za mafuta. Protini huwa asidi za amino. Njia zao ni tofauti, lakini zote huishia kwenye mzunguko mmoja wa kikemia ulioelezwa na Hans Krebs mwaka 1937 akiwa Sheffield, Uingereza. Mzunguko huo hufanyika ndani ya mitokondria, vijumba vidogo vilivyojaa katika seli. Humo kaboni ya chakula hutolewa kama hewa ya kaboni, na haidrojeni yake hukutanishwa na oksijeni tuliyoivuta ikawa maji. ATP nyingi huzaliwa katika hatua hii ya mwisho. Anayejiuliza kilo alizopunguza zimekwenda wapi, sehemu kubwa zilitoka puani na mdomoni akiwa anapumua.

Kama mwisho ni mmoja, kwa nini basi iwe na maana mtu amekula nini? Kwa sababu njia hizo hazilingani kwa kasi, kwa ukubwa wa akiba, wala kwa gharama.

Tarehe 18 Septemba 2021, uwanjani Kasarani, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77. Katika muda huo mfupi oksijeni haina nafasi kubwa. Misuli hutumia ATP iliyopo, kisha huijaza kwa haraka kutoka kwenye kemikali nyingine iliyo jirani, kreatini fosfeti, ambayo nayo hudumu sekunde chache tu. Papo hapo glukosi huanza kuvunjwa bila kusubiri oksijeni. Njia hii ina pupa na hasara nyingi, maana glukosi moja hutoa ATP 2 tu badala ya 30 hivi zinazopatikana oksijeni ikiwepo. Lakini ni ya haraka, na ni wanga pekee wenye uwezo huo. Mafuta hayawezi kuvunjwa bila oksijeni hata chembe.

Marathoni ni jambo jingine kabisa. Kukimbia kunagharimu karibu kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mkimbiaji mwenye kilo 52 atatumia takriban kilokalori 2,200 kumaliza kilomita 42.195. Sasa angalia akiba yake. Wanga mwilini huhifadhiwa kama glaikojeni: kama gramu 100 kwenye ini na gramu 400 kwenye misuli, jumla kilokalori 2,000 hivi. Tena glaikojeni ya msuli haiazimiki. Iliyo mkononi haiwezi kutoka ikaenda kusaidia mguu. Hesabu inakataa. Karibu na kilomita ya 30 wakimbiaji wengi wasiojiandaa huona miguu imekuwa mizito ghafla, kichwa kinazunguka, na kasi inaporomoka kana kwamba mtu mwingine amechukua nafasi yao.

Ajabu ni kwamba mkimbiaji huyohuyo, hata akiwa mwembamba vipi, amebeba kilo 4 au 5 za mafuta. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kama kilokalori 7,700. Anaishiwa nguvu huku akiwa na akiba ya kukimbia marathoni zaidi ya 10.

Glaikojeni ni debe la unga jikoni, mafuta ni ghala lililo shambani. Ghalani kumejaa, lakini mpishi mwenye haraka hawezi kwenda huko kila sufuria inapochemka. Mafuta lazima yatolewe kwenye seli zake, yasafirishwe na damu, yaingizwe kwenye mitokondria, ndipo yavunjwe. Tena kwa kila lita ya oksijeni hutoa nishati pungufu kidogo kuliko wanga. Kwa mtu anayetembea kwenda sokoni hilo si tatizo, na kweli anapotembea anatumia mafuta kwa wingi. Kwa mtu anayekimbia karibu na ukomo wa mapafu yake, oksijeni ndiyo yenye uhaba, na mwili huchagua wanga. Eliud Kipchoge alipokimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40 jijini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, waendesha baiskeli walimletea chupa za kinywaji chenye wanga njiani. Kila funda lilikuwa linaongeza unga kwenye debe kabla halijaonyesha kitako.

Sukari ya chai kambini inaeleweka vizuri zaidi kwa hesabu hii. Mtu anayemaliza glaikojeni asubuhi na kutakiwa kukimbia tena jioni hana muda wa kusubiri. Anahitaji wanga mwingi, tena unaosagika haraka, na misuli yake inaupokea kwa njaa. Yule anayekaa kitini saa 9 amelijaza debe tangu jana. Glukosi anayoongeza itachomwa kwanza, ni kweli, lakini mafuta ya mlo huohuo hayatakuwa na pa kwenda isipokuwa ghalani.

Kwa upande wa pili wa hesabu hii, kuna kufunga. Pwani yetu, ambako mchana wa Ramadhani hauzidi saa 14, mamilioni ya watu hufanya kila mwaka jambo ambalo maabara hulipa watu walifanye. Baada ya daku, kwa saa chache za mwanzo, damu inapata glukosi kutoka tumboni. Kisha ini linaanza kutoa glaikojeni yake kidogo kidogo. Kufikia alasiri glaikojeni ya ini imepungua sana na mafuta yameshika sehemu kubwa ya kazi. Mchovu anayehisi kwamba hana kitu mwilini ana nishati tele. Kilichopungua ni ile ya haraka. Tende mbili tatu za kufuturia zinajibu hali hiyo barabara, kwa sababu sukari yake ni glukosi na fruktosi, na glukosi huingia kwenye damu kwa muda mfupi. Uji, muhogo wa nazi na viazi vinavyofuata hutembea taratibu.

Ubongo ndio unaosumbua zaidi. Una asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini, mtu akiwa amepumzika, hutumia karibu asilimia 20 ya nishati, kiasi cha gramu 120 za glukosi kwa siku, na hauchomi asidi za mafuta. Kwa miaka mingi hesabu hii ilitatiza: mtu akikosa chakula kwa wiki kadhaa, ubongo unaishi kwa nini? Katika miaka ya 1960 kundi la George Cahill huko Boston lilionyesha kwamba ini hugeuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo hujifunza kuzitumia. Bila hila hiyo, mwili ungelazimika kuyeyusha misuli yake haraka ili kutengeneza glukosi, na mwenye njaa angekufa mapema sana.

Hapo ndipo protini inapoingia kwenye hesabu ya nishati, na inaingia kwa shingo upande. Mwili hauna ghala la protini. Protini uliyonayo ni misuli, ngozi, vimeng'enya, kinga. Kila gramu ina kazi. Ikizidi katika mlo mmoja, ziada yake hutolewa naitrojeni na kuchomwa, na gharama ya kuishughulikia ni kubwa: kati ya asilimia 20 na 30 ya nishati yake hupotea katika kusagwa na kuchakatwa, wakati mafuta hupoteza asilimia 3 au chini ya hapo. Ikipungua, mwili hujila. Kumpa mtu nyama kwa ajili ya nguvu ni kuchoma mbao za mlango. Protini inatakiwa kwa ujenzi, na inabaki kwenye ujenzi pale tu ambapo wanga na mafuta vinatosha. Mtoto anayepewa yai moja kwa siku lakini hashibi atalichoma yai hilo badala ya kukua nalo.

Hata virutubisho vyote vitatu vikiwepo, vinaweza kukwama mlangoni. Mwishoni mwa karne ya 19, kisiwani Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa mpaka ukawa mweupe wakilegea miguu, na wakapona walipopewa pumba. Kilichokuwa kwenye pumba ni vitamini B1, na bila hiyo glukosi iliyovunjwa nusu haiwezi kuingia kwenye mzunguko wa Krebs. Mtu anaweza kula wali mpaka akashiba huku seli zake zikifa njaa. Madini ya chuma nayo yamo kwenye damu inayobeba oksijeni na kwenye mitokondria yenyewe. Mama mjamzito mwenye upungufu wa damu hachoki kwa sababu chakula ni kidogo, anachoka kwa sababu oksijeni haifiki. Kwa hiyo tofauti ya dona isiyokobolewa na sembe iliyokobolewa ni kubwa kuliko rangi. Tanzania ilianza kanuni za kurutubisha unga mwaka 2011 na Kenya ikaufanya urutubishaji kuwa wa lazima mwaka 2012, lakini familia nyingi bado husaga mahindi kwenye mashine ya mtaani, ambako madini hayo hayaongezwi.

Mfano mchungu kuliko yote uko karibu. Mwaka 1985, wilayani Tarime mkoani Mara, wakati wa ukame, watu walianza kupooza miguu ghafla. Ugonjwa huo, konzo, umeonekana pia Congo na Msumbiji. Muhogo mchungu hutoa sianidi, na sianidi hufunga hatua ya mwisho kabisa ya mitokondria, ile ya kuipokea oksijeni. Muhogo ukilowekwa siku za kutosha na kuanikwa vizuri, sumu hutoka. Njaa hufupisha siku hizo. Na mwili una njia ya kuivunja sianidi, ila unahitaji salfa, ambayo huipata kwenye protini: dagaa, maharage, maziwa. Konzo huwapata wale ambao muhogo ulioandaliwa kwa haraka ndio mlo wao wote. Kilokalori zilikuwepo, tele. Kilichokosekana ni muda wa kuloweka, na dagaa kidogo pembeni.

Turudi kwa karani wa Kariakoo. Wengi hudhani amenenepa kwa kuwa hatumii nguvu kama babu yake aliyelima. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake, akiwemo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, watu wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11 kwa siku. Hata hivyo, baada ya ukubwa wa miili kuzingatiwa, nishati waliyotumia kwa siku haikuzidi ile ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa maofisini. Pontzer anaeleza kwamba mwili uliozoea kazi hubana matumizi mahali pengine. Kazi ya misuli ina faida zake nyingi, mojawapo ikiwa kwamba msuli unaofanya kazi huvuta glukosi kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa kidogo. Lakini kama suala ni uzito, jicho lazima litazame zaidi kinachoingia mdomoni.

Na kinachoingia si ugali peke yake. Wahadzabe hula mizizi na asali, vyakula vya wanga, na hawajulikani kwa kisukari. Kilichobadilika mjini kwa kasi ni mafuta ya kupikia na sukari ya chupani. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kilokalori 120, sawa na gramu 33 hivi za unga wa mahindi mkavu, lakini unga huo huvimba kwa maji na kuchukua nafasi tumboni, na mafuta hujificha ndani ya chapati au chipsi mayai bila mlaji kuyahesabu. Anayeacha chapati akapungua mara nyingi anashangilia kuacha wanga, kumbe ameacha na mafuta yaliyoikaangia.

Vinywaji vya kuongeza nguvu, vinavyouzwa leo kila kibanda kando ya vituo vya bodaboda, vinastahili kusemwa waziwazi. Kopo la mililita 250 la kawaida lina gramu 27 hivi za sukari, yaani kilokalori 110 au chini, pungufu ya chapati moja. Kilichobaki ni kafeini, na kafeini haina nishati. ATP inapotumika ubongoni hutoka adenosini, ambayo ikirundikana humwambia mtu apumzike. Kafeini huziba mahali pa kupokelea ujumbe huo. Dereva aliyekunywa makopo matatu na hajala tangu asubuhi hajaongezewa nguvu. Amezimiwa taa ya tahadhari akiwa barabarani.

Wanaoumizwa zaidi na hesabu mbaya ya nishati ni wadogo. Mtoto wa miezi 9 anayenyonya anahitaji takriban kilokalori 300 kwa siku kutoka kwenye chakula, na tumbo lake halizidi kikombe kimoja. Uji mwepesi anaoweza kuunywa una unga kama asilimia 5. Kikombe cha mililita 200 kinampa kilokalori 36. Angehitaji vikombe 8. Ukiongeza unga, uji unakuwa mzito mpaka hawezi kuumeza.

Katika miaka ya 1980 mtafiti wa Tanzania, Mosha, akishirikiana na Ulf Svanberg wa Sweden, alilichukua jibu mahali ambapo wapika pombe walikuwa wamelijua siku zote: kwenye kimea. Mbegu ya mtama au ulezi inapoota hutengeneza kimeng'enya cha kukata wanga. Uji mzito wenye unga asilimia 20 ukipoa kidogo, ukitiwa kijiko cha unga wa kimea na kukorogwa, hulegea mbele ya macho kwa dakika chache mpaka ukawa wa kunyweka. Kisha hurudishwa motoni uchemke tena. Kikombe kilekile sasa kina kilokalori zaidi ya 140. Mama asiye na kimea anaweza kutia kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwenye uji mwepesi, kilokalori 40 na ushei, na kikombe kinazidi mara mbili ya kilivyokuwa. Akitia karanga zilizosagwa anapata mafuta na protini kwa mkupuo mmoja.